Saratani ya matiti: Iliyotafutwa si sawa na iliyojileta

Shangazi yangu aliugundua uvimbe wake bafuni, nyumbani kwake Temeke, asubuhi ya Jumamosi, ndoo mbili za nguo zikimsubiri uani. Ulikuwa mdogo, aliniambia baadaye, kama kokwa ya zambarau, mgumu, upande wa nje wa titi la kushoto. Aliuminya mara tatu aone kama utauma. Haukuuma. Akajifunga kanga, akaenda kufua.

Kutouma huko ndiko kulikomponza. Kwa wengi wetu kitu kisichouma hakijawa ugonjwa. Utaambiwa ni nyama tu, ni maziwa yaliyoganda, ni kijicho cha mtu. Ilipita miezi mitano ndipo akaenda zahanati, akapewa antibayotiki za siku saba. Akazimaliza, akapewa nyingine. Ikapita tena miezi minne kabla hajafika hospitali yenye mtu wa kuchukua kinyama na kukipima, na wakati huo tezi za kwapani zilikuwa zimeshavimba, ngozi ya titi imeanza kupata vishimo kama ganda la chungwa.

Mwaka huohuo mwenzake wa kikoba, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu, alikwenda kupiga mamogramu. Hakuwa na dalili yoyote. Alikwenda kwa sababu bima yake iliruhusu na binti yake alimsumbua mpaka akachoka. Picha ilionyesha kundi la vidoa vyeupe vidogo kama chumvi iliyomwagika mezani, na katikati yake kivuli cha milimita 9. Alifanyiwa upasuaji mdogo uliomwachia titi lake, akapigwa mionzi, akaanza kumeza kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano. Shangazi alikatwa titi zima, akawekewa dripu za kemo zilizompukutisha nywele na kucha, akapigwa mionzi pia. Tulimzika mwaka wa tatu. Mwalimu yupo hadi leo, na tukikutana hunishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Kikobani hukumu ilitoka mapema: mwenzake aliwahi. Nami niliishika hukumu hiyo kwa miaka, nikaiandika katika makala zangu za kila Oktoba, mwezi wa utepe wa waridi. Sikuandika uongo, ila niliandika nusu ya habari. Nusu ya pili nilianza kuipata siku nilipoweka majibu ya maabara ya wanawake hao wawili mezani kwa daktari, kwa idhini ya mwalimu na ya binamu zangu, nikamwomba anisomee.

Alisoma ya mwalimu kwanza. Chembe zake zilikuwa na vipokezi vya homoni, yaani zilikula homoni ya kike na ndiyo maana kidonge cha kuizuia kilizitia njaa. Zilikuwa zikigawanyika polepole, na zilionekana kwenye hadubini karibu sawa na chembe za kawaida, kile madaktari wanachokiita daraja la kwanza. Kisha akasoma ya shangazi. Daraja la tatu, chembe zilizovurugika umbo, zinazogawanyika kwa kasi, hazina kipokezi chochote kati ya vitatu vinavyopimwa. Hasi tatu, wanasema. Daktari akavua miwani. "Hizi mbili," akasema, "hata zingegunduliwa siku moja zikiwa na ukubwa mmoja, si ndugu."

Nilimuuliza kama ni bahati tu kwamba ile ya upole ilipatikana kwa mashine na ile kali ikapatikana kwa mkono. Akasema hapana, si bahati.

Ili kuelewa kwa nini si bahati, fikiria kipande cha Barabara ya Mandela kutoka Buguruni hadi Tazara. Tuseme kwa siku moja hupita hapo mikokoteni 100 na bodaboda 100. Wewe umepewa kazi ya kupanda mahali pa juu kila baada ya saa mbili na kupiga picha moja ya kipande chote. Jioni ukizihesabu picha zako utakuta mikokoteni kibao na bodaboda wachache sana. Idadi zao zilikuwa sawa, lakini mkokoteni hukaa barabarani muda mrefu, kwa hiyo kila upigapo picha unaukuta. Bodaboda huingia na kutoka kati ya picha moja na nyingine.

Barabara hiyo ni ule muda tangu uvimbe uwe mkubwa kiasi cha kuonekana kwenye mamogramu hadi uwe mkubwa kiasi cha kuguswa na mkono. Kwa saratani ya polepole, muda huo unaweza kuwa miaka kadhaa. Kwa saratani kali unaweza kuwa miezi. Mashine inayopiga picha mara moja kila mwaka, au kila miaka miwili, au mitatu, lazima ikusanye mikokoteni. Ndiyo sababu saratani zinazopatikana kwa upimaji wa watu wasio na dalili zina sura yake: ni ndogo, mara nyingi hazijafika kwenye tezi za kwapani, nyingi zina vipokezi vya homoni, na nyingi ni za daraja la chini. Sehemu ya udogo huo inatokana na kuwahi. Sehemu nyingine inatokana na tabia ya saratani yenyewe, na tabia hiyo ilikuwepo kabla mtu hajapanga foleni ya kupimwa.

Wafini walilipima jambo hili kwa makini. Finland ilianza kuwaita wanawake wote wa miaka ya hamsini kwenye mamogramu mwaka 1987, kila baada ya miaka miwili, na nchi hiyo ina daftari la saratani linaloandika kila mgonjwa. Mwaka 2004 Heikki Joensuu na wenzake walichapisha hesabu ya wanawake zaidi ya 2,800 waliogunduliwa kuwa na saratani ya matiti katika miaka ya 1991 na 1992. Walilinganisha waliopatikana kwa mamogramu na waliopatikana kwa njia nyingine, kisha wakafanya jambo linalonivutia zaidi: wakasawazisha. Ukubwa wa uvimbe, idadi ya tezi zilizoguswa, umri, daraja, vyote wakaviweka sawa kwa hesabu. Baada ya hayo yote, wale ambao uvimbe wao haukupatikana kwa mamogramu bado walikuwa na hatari ya karibu mara mbili ya saratani kurudi sehemu za mbali za mwili, kama mifupa, ini au mapafu.

Yaani wachukue wanawake wawili, kila mmoja na uvimbe wa sentimita moja na nusu, tezi safi, umri mmoja. Mmoja alitafutiwa na mashine, mwingine aligusa mwenyewe akioga. Hawako sawa. Joensuu na wenzake walipendekeza kwamba namna uvimbe ulivyopatikana iandikwe kwenye faili na itumike wakati wa kuamua tiba. Naona walikuwa na haki kabisa. Swali la "uliujuaje?" huulizwa katika dakika ya kwanza ya mahojiano kisha jibu lake husahaulika, wakati jibu hilo linabeba habari ambayo hadubini peke yake haiitoi yote.

Habari hiyo pia ndiyo iliyowatatiza wanasayansi kwa miaka mingi walipotaka kujua kama upimaji unaokoa maisha kweli.

Kuona kisichogusika kulianza mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1913, mjini Berlin, daktari wa upasuaji Albert Salomon aliyapiga picha za eksirei matiti zaidi ya 3,000 yaliyokwisha kukatwa, akakuta kwamba saratani huacha alama ambazo mkono hauwezi kuzihisi. Kazi yake ilikaa miongo bila kutumika kwa wanawake walio hai. Wanazi walimfukuza kazi kwa kuwa alikuwa Myahudi. Binti yake Charlotte, mchoraji, aliuawa Auschwitz mwaka 1943. Ninapoona mamogramu huwakumbuka wote wawili.

Ilipofika miaka ya 1960 mashine zilikuwa nzuri kiasi cha kujaribiwa kwa watu wazima wa afya. Shida ikawa ni namna ya kuhesabu. Chukua mapacha wawili ambao wote, kwa kudra, watafariki kwa saratani ya matiti wakiwa na miaka 62. Mmoja anapimwa na kugunduliwa akiwa na 55. Mwingine anagusa uvimbe akiwa na 59. Takwimu za hospitali zitaandika kwamba wa kwanza aliishi miaka saba baada ya kugunduliwa na wa pili miaka mitatu. Ukitumia kile kipimo kinachopendwa, cha wangapi wako hai baada ya miaka mitano, wa kwanza ni ushindi na wa pili ni kushindwa. Lakini walizikwa mwaka mmoja. Upimaji haukumwongezea wa kwanza siku hata moja ya kuishi; ulimwongezea miaka minne ya kujua.

Weka mapacha hao pamoja na ile mikokoteni ya Buguruni, na utaona kwa nini ni rahisi sana kudanganyika. Mtu yeyote anayekuambia kwamba waliogunduliwa kwa kupimwa wanaishi muda mrefu zaidi, na akaishia hapo, hajakuthibitishia kitu bado. Nasema hivi nikijua kwamba mimi mwenyewe nimeliandika hilo gazetini zaidi ya mara moja.

Dawa ya udanganyifu huo ni kuhesabu vifo badala ya miaka ya kuishi, na kuhesabu katika kundi zima lililoitwa kupimwa, wakiwemo waliokataa kuja, dhidi ya kundi zima ambalo halikuitwa. Hivyo ndivyo walivyofanya New York kuanzia 1963, kwa wanawake wapatao 62,000 wa miaka 40 hadi 64, na vifo vikapungua kwa kiasi cha robo hadi theluthi. Sweden ikafuata mwaka 1977 katika mikoa ya Kopparberg na Östergötland, kwa wanawake zaidi ya 130,000. László Tabár na wenzake walipochapisha matokeo mwaka 1985, vifo katika kundi lililoitwa vilikuwa pungufu kwa asilimia 31. Canada ilianza jaribio lake mwaka 1980 na haikuona tofauti ya vifo, na mabishano juu ya jaribio hilo hayajapoa. Mwaka 2012 jopo huru la Uingereza lililoongozwa na Michael Marmot lilipitia majaribio yote na kukadiria kwamba kumwita mwanamke kwenye upimaji hupunguza hatari yake ya kufa kwa saratani ya matiti kwa asilimia 20.

Kwa hiyo mamogramu inaokoa maisha. Nalisema wazi asije mtu akanielewa vibaya. Inaokoa wachache kuliko mabango ya Oktoba yanavyoahidi, na inatoza gharama ambayo mabango hayo hayaitaji.

Jopo la Marmot liliitaja. Ukiwaita wanawake 10,000 wa Uingereza wenye miaka 50 na kuendelea kuwapima kwa miaka 20, lilikadiria, vifo 43 vitazuiwa. Katika wanawake haohao, 129 watapewa jina la saratani, watakatwa na kupigwa mionzi kwa ajili ya uvimbe ambao usingewasumbua kamwe. Wangezeeka nao, wangekufa kwa jambo lingine, na nao ungezikwa pamoja nao. Hao 129 hawajulikani ni akina nani. Kila mmoja wao huamini kwamba ameokolewa, na hakuna anayeweza kumwambia vinginevyo, kwa sababu hakuna hadubini inayoonyesha uvimbe ambao ungelala milele.

Sehemu kubwa ya kundi hilo ni chembe za saratani zilizo bado ndani ya mirija ya maziwa, ambazo hazijatoboa kutoka nje. Kabla ya mamogramu zilikuwa ugonjwa wa nadra. Sasa, katika nchi zenye upimaji, ni karibu moja kati ya kila tano zinazopatikana kwa njia hiyo. Marekani ilionyesha jambo hili kwa ukubwa wake. Kati ya 1976 na 2008 saratani za hatua za mwanzo zilizogunduliwa kila mwaka zilipanda kutoka 112 hadi 234 kwa kila wanawake 100,000. Mtu angetegemea zile za hatua za mwisho zishuke kwa kiasi kinachofanana, kwa kuwa zimekamatwa mapema. Zilishuka kutoka 102 hadi 94.

Tazama hizo namba tena. Wanawake 122 zaidi wamepatikana mapema, na wanane tu pungufu wamefika wakiwa wamechelewa.

Sasa nirudi kwa bodaboda, wale wanaopita katikati ya picha na picha. Rafiki yangu mmoja ni mtu wa benki, ana bima nzuri, na hupiga mamogramu kila Februari kwa nidhamu aliyonayo katika kila kitu. Majibu yake ya mwaka fulani yalikuwa safi. Aliyaweka kwenye droo ya kitanda pamoja na cheti cha ndoa na hati ya kiwanja. Mwezi wa saba, akijipaka mafuta, akahisi kitu juu ya chuchu ya kulia. Aliniambia alichofanya: alifungua droo, akatoa karatasi, akaisoma upya, akairudisha. Wiki sita alikaa na karatasi ile kama hirizi.

Saratani zinazochomoza hivyo, baada ya kipimo safi na kabla ya kipimo kinachofuata, ndizo zinazopaswa kutuhangaisha zaidi. Katika nchi kama Uingereza, ambako wanawake wa miaka 50 hadi 70 huitwa kila baada ya miaka mitatu, ni kati ya robo na theluthi ya saratani zote zinazowapata wanaohudhuria. Baadhi yake zilikuwepo kwenye picha ya awali zikapitwa na macho, au zilijificha. Titi lenye nyama nzito, ambalo ni la kawaida kwa wanawake vijana, huonekana jeupe kwenye mamogramu, na saratani nayo ni nyeupe; ni kama kutafuta punje ya chumvi ndani ya unga wa sembe. Nyingine hazikuwepo kabisa siku ya picha, au zilikuwa ndogo mno. Zilikua ndani ya miezi. Hizi zina sura iliyo kinyume na ya mwalimu wetu: kubwa zaidi, daraja la juu, mara nyingi zaidi hasi tatu, mara nyingi zaidi zimeshafika kwapani.

Kwa hiyo karatasi safi inasema kwamba siku ile hapakuonekana kitu. Haisemi lolote juu ya uvimbe ulioguswa leo. Rafiki yangu alipokwenda hatimaye, mtu wa mapokezi katika hospitali moja alimwambia arudi Februari kwa kuwa "mwaka haujaisha". Alikataa kuondoka kwenye benchi mpaka daktari akamwona. Ilikuwa hasi tatu, sentimita mbili na nusu. Ameshamaliza kemo, nywele zimerudi zikiwa na mawimbi ambayo hakuwa nayo, na ni yeye aliyeniambia niandike habari ya droo.

Huyo ni mtu wa benki. Nchini kwetu, na Kenya, na Uganda, wanawake walio wengi hawana Februari yao. Mashine za mamogramu ziko chache, mijini, na wataalamu wa kuzisoma picha ni wachache zaidi. Hatuna mpango wa kumwita kila mwanamke wa umri fulani kwa barua. Maana yake ni kwamba karibu kila saratani ya matiti inayotibiwa kwetu ni ya aina ya shangazi, ile iliyojileta yenyewe, ikiwa mikokoteni na bodaboda wote pamoja. Makadirio ya Tanzania yamekuwa kwamba wagonjwa wanne kati ya watano hugunduliwa wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Na kwa kuwa sisi ni taifa la vijana, wengi wanaougua hawajafika miaka 50, na kabla ya umri huo mamogramu haioni vizuri.

Hapa ndipo nusu yangu ya habari ilipokuwa na madhara. Nilipokuwa nikiandika "pimeni mamogramu, mtapona kama wenzetu wa Ulaya", nilikuwa nikilinganisha mikokoteni yao na msafara wetu mzima, na kumwambia msomaji wa Mbagala kwamba wokovu uko kwenye mashine asiyoweza kuifikia. Shangazi asingeokolewa na picha ya kila miaka miwili. Ugonjwa wake ulikuwa wa kupita katikati. Kama kuna kilichoweza kumwokoa, ni ile miezi tisa kati ya bafuni na kipimo cha kinyama. Sina hakika ingetosha kwa saratani ya namna ile. Nina hakika ilipotea.

Watafiti waliofuatilia zaidi ya wanawake 2,000 katika nchi tano za Afrika kuanzia 2014, Uganda ikiwemo pamoja na Nigeria, Zambia, Namibia na Afrika Kusini, walikuta baada ya miaka mitatu karibu nusu wameshafariki. Wakakadiria kwamba zaidi ya robo ya vifo hivyo vingezuilika kwa kuwafikisha mapema wenye dalili na kuboresha tiba. Soma tena: wenye dalili. Hesabu hiyo haikuhitaji mashine ya mamogramu hata moja.

Kuna njia ya kati, na ninaipenda kwa sababu ni kazi ya mikono. Mjini Mumbai, kuanzia 1998, wahudumu wa afya wa kike waliofunzwa waliwapapasa matiti wanawake wa mitaa ya hali ya chini kila baada ya miaka miwili, katika jaribio la wanawake zaidi ya 151,000. Matokeo ya miaka 20 yalitoka mwaka 2021. Saratani zilipatikana katika hatua za mapema zaidi. Vifo kwa jumla vilipungua kwa asilimia 15, kiasi ambacho kitakwimu kinaweza kuwa bahati. Lakini kwa wanawake wa miaka 50 na kuendelea vilipungua kwa karibu asilimia 30, na hiyo si bahati. Karibu nasi zaidi, jimbo la Gezira nchini Sudan, wanawake wa kujitolea waliofunzwa kazi hiyohiyo waliwapima zaidi ya 10,000 kati ya 2010 na 2012. Walipatikana 17 wenye saratani, na wengi wao walikuwa katika hali ya kutibika. Kwenye vijiji vya kulinganisha walijitokeza wachache tu, nao wamechelewa.

Shanghai, kwa upande mwingine, iliwafundisha wanawake wa viwanda vya nguo kujipapasa wenyewe kwa utaratibu maalumu. Waliokuwa kwenye jaribio lote walizidi 266,000, na vifo havikupungua. Kilichoongezeka ni idadi ya vinyama vilivyochukuliwa bila sababu. Nadhani funzo lake limekuwa likipotoshwa. Mwanamke hahitaji ratiba wala mizunguko ya vidole aliyokariri. Anahitaji kuyajua matiti yake kama anavyoijua sauti ya mwanawe, na kuwa na mahali pa kwenda wiki ileile sauti inapobadilika. Shirika la Afya Duniani nalo limeweka lengo linaloweza kupimwa: asilimia 60 ya saratani ya matiti iliyopenya nyama igunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, majibu kamili yapatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike, na asilimia 80 wamalize tiba. Hizo siku 60 ndizo ninazozitazama mimi. Antibayotiki za siku saba, ukizitoa mara mbili, zimekula wiki mbili za hizo.

Kikoba cha shangazi hukutana Jumapili saa kumi, kwenye baraza la nyumba ya mweka hazina. Wana sanduku lenye kufuli tatu na, kama vikoba vingi, mfuko wa jamii wa kusaidia misiba. Msiba wa shangazi ulilipiwa kutoka humo: turubai, sahani, mchele wa siku ya tatu. Mwalimu ndiye aliyesimama miezi michache baadaye akasema kwamba mfuko unaoweza kumzika mtu kwa laki tatu unaweza kumpeleka hospitali kwa chini ya hizo. Walibishana Jumapili mbili. Wengine waliogopa kila mtu atakuja na kijipu. Mwishowe katiba iliongezwa kifungu: mwanachama yeyote mwenye uvimbe mpya kwenye titi, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, au ngozi iliyobadilika, apewe nauli na gharama ya kipimo cha kinyama ndani ya wiki hiyo, bila kusubiri kikao, na mwenzake mmoja amsindikize.

Wa kwanza kuitumia alikuwa mama wa miaka 34 anayeuza chapati karibu na stendi. Mwalimu ndiye aliyemsindikiza. Uvimbe wake ulikuwa wa kawaida, usio saratani, kama ulivyo uvimbe mwingi wa umri huo. Ulikuwa ukiteleza chini ya vidole kama gololi. Jumapili iliyofuata alifika kikaoni na majibu ndani ya mfuko wa nailoni, akayasoma kwa sauti, kisha akahesabu chenji iliyobaki, shilingi 4,500, akairudisha sandukuni, na mweka hazina akamwandikia risiti.